Kasi Isiyopimwa: Kompyuta ya Nyumbani na Somo la Darasani

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi nilivyoiongezea mwendo kompyuta yangu ya nyumbani kupita kiwango kilichowekwa na watengenezaji wake, jinsi mwendo huo ulivyoniponza mbele ya mtoto mmoja wa darasa la sita, na utaratibu nilioufuata baadaye hata mashine ikatulia. Huenda mwanachuo akauliza jambo hilo lina uhusiano gani na mbinu za kufundisha. Namwomba avumilie kidogo. Mashine ile ilinifundisha juu ya darasa mambo ambayo nilikuwa nimeyasoma chuoni bila kuyaamini.

Mwaka 2014 nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya msingi wilayani Handeni, ilhali familia yangu ilikaa Korogwe mjini. Kati ya Handeni na Korogwe ni mwendo wa kilometa 65. Siku za kazi nililala katika nyumba ya mwalimu pale shuleni. Jioni ya Ijumaa nilipanda gari kurudi nyumbani, na katika mkoba wangu hapakukosa daftari la alama. Nyumbani nilikuwa na kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika miaka kadhaa. Prosesa yake ilikuwa Intel Pentium E2180, aina iliyotoka mwaka 2007, na memori yake ilikuwa vibao viwili vya gigabaiti moja moja. Niliitumia kwa kazi mbili: kuandika ripoti za wanafunzi, na kutayarisha filamu fupi za masomo. Nilirekodi kwa simu mambo ya mazingira yetu, kama vile majani ya mkonge yanavyoingia katika mtambo na kutoka nyuzi, kisha nikazipunguza ukubwa filamu hizo ili ziweze kuonyeshwa shuleni. Kuipunguza filamu moja kulichukua saa tatu. Kwa mtu mwenye siku mbili tu za kukaa na watoto wake, saa tatu si haba.

Mwezi wa Aprili kijana mmoja fundi aliniambia, "Mwalimu, mashine hii inaweza kwenda mbio kuliko ilivyoandikwa. Walioitengeneza wameacha akiba." Maneno yake yalikuwa ya kweli. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, na mapigo hayo hupatikana kwa kuzidisha. Ubao mkuu wa kompyuta yangu ulitoa pigo la msingi la megahezi 200, yaani mapigo milioni 200 kwa sekunde. Prosesa ikalizidisha mara 10, ikapata megahezi 2000. Kizidisho hakikuweza kupandishwa, lakini pigo la msingi liliweza. Tukaingia katika ukurasa wa mipangilio unaoonekana kabla mashine haijaamka, tukaandika 240 mahali pa 200. Prosesa ikaenda kwa megahezi 2400, na filamu ya saa tatu ikamalizika kwa saa mbili na nusu. Nilifurahi kama mtu aliyeokota fedha njiani.

Kuna jambo ambalo hatukulitazama. Memori nayo hupata mwendo wake kutoka katika pigo lilelile la msingi, kwa uwiano wake wenyewe. Kwa mpangilio uliokuwapo, kila mapigo matatu ya msingi yalizaa mapigo matano ya memori. Pigo la msingi lilipokuwa 200, memori ilikwenda kwa megahezi 333, na hicho ndicho kiwango kilichothibitishwa kwa vibao vile. Tulipoandika 240, memori ilipanda pamoja nalo hata ikafika 400, na hakuna aliyeiuliza kama inaweza. Ni kama ngoma: mpigaji akiharakisha mkono, wachezaji wote huharakisha miguu, na mzee aliyemo katika mduara haachwi nyuma wala haombwi ruhusa.

Lau mashine ingezimika siku ile ile, ningerudisha mambo kama yalivyokuwa na makala haya yasingeandikwa. Lakini haikuzimika. Ilikwenda Aprili yote, Mei yote, na mwezi wa Juni ikaandika ripoti za muhula wa kwanza za darasa zima.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa Julai niliona kwamba msichana mmoja wa darasa la sita, ambaye mkono wake ulikuwa haushuki wakati wa Hisabati, sasa alikaa ameinamisha kichwa. Nilijiambia kwamba umri umemfikia, watoto hubadilika. Wiki ya tatu bibi yake alifika shuleni. Nilimwamkia, akaitika, kisha akafungua pindo la kanga na kutoa karatasi mbili. Moja ilikuwa karatasi ya mtihani wa Hisabati, ambayo juu yake nilikuwa nimeandika 74 kwa wino mwekundu. Ya pili ilikuwa ripoti iliyotoka katika kompyuta, na mbele ya neno Hisabati palikuwa na 34.

"Mimi sikusoma, mwalimu," akasema, "lakini nauza mahindi sokoni na tarakimu nazijua. Huku umeandika kwa mkono wako, na huku imeandika mashine. Nimekuja unieleze ipi ni ya mjukuu wangu."

Nilimwita mtoto. Nikamwuliza kwa nini hakuniletea karatasi hizo mwenyewe. Akajibu kwa sauti ndogo, "Nilidhani ya mashine ndiyo ya kweli, mwalimu."

Ndugu mwanachuo, katika miaka yangu ya kazi sijapata kusikia jibu lililonichoma kama hilo. Mtoto alikuwa na ushahidi wa akili yake mkononi, kwa mwandiko wa mwalimu wake, naye akauweka kando kwa sababu karatasi nyingine ilipigwa chapa.

Jambo la kwanza nililolidhania ni kwamba nilikosea kuchapa. Ijumaa ile nilikwenda Korogwe na daftari langu, nikafungua nakala ya ripoti niliyokuwa nimeihifadhi mapema katika diski ya mfukoni. Katika nakala hiyo alama ilikuwa 74. Katika nakala ya baadaye, ambayo sikukumbuka kuigusa mahali pale, ilikuwa 34. Nikazilinganisha nakala zote mbili mstari kwa mstari. Nikakuta kwamba katika ripoti ya mtoto mwingine maneno "mwenye bidii" yalikuwa yamegeuka "mwanye bidii". Hapo nikaanza kuitilia shaka mashine.

Ili kosa hilo lieleweke yapasa kujua jinsi kompyuta inavyotunza maandishi. Kila tarakimu na kila herufi huandikwa kwa alama nane za sifuri na moja. Tarakimu 7 huandikwa 00110111, na tarakimu 3 huandikwa 00110011. Mwanachuo azitazame kwa makini: zimepishana kwa alama moja tu, ya tatu kutoka kulia. Herufi "e" ni 01100101, na herufi "a" ni 01100001. Tofauti ni ile ile, mahali pale pale. Moja imeanguka na kuwa sifuri. Memori hutunza alama hizo kama chaji ndogo mno za umeme, ambazo lazima zisomwe na kuandikwa upya kila mara kwa wakati wake. Ikiharakishwa kupita uwezo wake, mara moja katika mamilioni mengi ya usomaji itasoma kabla alama haijatulia. Kompyuta kubwa zinazotunza hesabu nyeti huwekewa memori yenye alama za ziada, ambazo hugundua na kusahihisha kosa la namna hiyo. Ya kwangu haikuwa nazo, kama zisivyokuwa nazo kompyuta nyingi za nyumbani.

Usiku ule niliendesha programu iitwayo Memtest86, ambayo Chris Brady aliianzisha mwaka 1994. Kazi yake ni moja: huandika ruwaza katika kila chumba cha memori, kisha huisoma tena na kuona kama imerudi kama ilivyoandikwa. Kabla ya saa moja kwisha, skrini ilikuwa imejaa mistari ya makosa. Nikarudisha pigo la msingi katika 200 na kuiacha mpaka alfajiri. Hapakuwa na kosa hata moja.

Rafiki zangu walinishauri niache michezo hiyo kabisa. Sikuacha, kwa kuwa haja ya muda ilikuwa bado ipo, na kwa kuwa nilitaka kujua nilikosea wapi. Lakini safari hii nilichukua daftari la mraba, nikapiga mistari na kuandika vichwa vya safu: tarehe, joto la chumba, pigo la msingi, mwendo wa memori, joto la prosesa, saa za jaribio, na matokeo. Kisha nikajiwekea kanuni nne.

Kanuni ya kwanza ilikuwa kutenganisha. Nilibadili uwiano wa memori, mapigo matatu ya msingi yakazaa manne badala ya matano. Hivyo, hata pigo la msingi likifika 240, memori ingekwenda kwa 320 tu, chini ya kiwango chake cha 333. Kama kosa lingetokea sasa, ningejua kwamba ni la prosesa.

Kanuni ya pili ilikuwa kupanda kwa hatua ndogo, na kubadili jambo moja tu kila mara: 210, kisha 220, kisha 230. Sikuongeza volti za prosesa, ingawa wengi hufanya hivyo ili kupata mwendo zaidi. Joto la prosesa hukua kwa kipeo cha pili cha volti. Ukiongeza volti kwa sehemu moja ya kumi, joto huongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, na katika bonde la Korogwe joto tunalo la kutosha.

Kanuni ya tatu ilikuwa kupima kwa kazi nzito na kwa muda mrefu. Nilitumia programu ya Prime95 ya George Woltman, iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi ulioanza mwaka 1996 wa kutafuta namba tasa za Mersenne, yaani namba tasa zinazopatikana kwa kuzidisha mbili kwa mbili mara kadhaa na kutoa moja, kama 3, 7, 31 na 127. Katika jaribio lake programu hiyo huipa prosesa hesabu ndefu ambazo majibu yake yamekwisha kujulikana, kisha hulinganisha. Prosesa haiulizwi kama inajisikia vizuri, inaulizwa jibu.

Kanuni ya nne ilikuwa kutafuta ukingo na kisha kurudi nyuma. Kwa pigo la 250 mashine ilipita saa ya kwanza bila kosa, na ikashindwa katika saa ya nne. Kwa 240 ilipita usiku mzima, nikaridhika. Lakini majaribio hayo niliyafanya mwezi wa Julai na Agosti, wakati usiku wa Korogwe una ubaridi. Februari ya mwaka 2015 joto la chumba lilipofika nyuzi 33, mpangilio ule ule wa 240 ulitoa kosa. Nilifungua sanduku, nikakuta vumbi limeziba mapezi ya chuma yanayotoa joto juu ya prosesa. Nikalisafisha kwa brashi laini, na joto likashuka. Hata hivyo nilirudi mpaka 230 na kubaki hapo kwa miaka yote niliyoitumia mashine ile.

Sasa na tufanye hesabu ya faida. Kwa mapigo 2300 badala ya 2000, kazi ya dakika 180 humalizika kwa dakika 157 hivi. Faida yote ni dakika 23. Hizo ndizo dakika halali, zilizopimwa. Dakika nyingine saba nilizokuwa nikizipata mwanzoni, nilizipata kwa mkopo, na aliyelipa deni ni mtoto wa watu.

Ndugu mwanachuo, sasa tuingie darasani.

Jambo kubwa nililolipata ni tofauti kati ya kosa linalosimamisha kazi na kosa la kimya. Mashine inayozimika haikudanganyi. Kadhalika mtoto anayelia kwamba hajui hesabu za sehemu hakusumbui sana, maana unajua pa kuanzia. Wa kuogopwa ni darasa linaloitika "Ndiyo, mwalimu!" kila uulizapo "Mmeelewa?" Swali hilo si kipimo. Kipimo ni swali ambalo wewe unalijua jibu lake, na ambalo mtoto hawezi kulijibu kwa kutikisa kichwa. Tena kiulizwe kesho yake, na wiki ya pili yake, kwa maana saa ya kwanza kila mpangilio hupita.

La pili ni vitu vinavyopanda bila kuombwa. Mwalimu anayeharakisha maelezo ili amalize mada ndani ya dakika 40 za kipindi hudhani ameharakisha maelezo peke yake. Kumbe ameharakisha pia kunakili kutoka ubaoni, na kusoma, na kufikiri. Sikio la mtoto huenda likafuata, mkono wake usifuate. Kwa watoto wa madarasa ya chini huku kwetu, ambao wengine nyumbani husema Kizigua au Kisambaa, upo mzigo mwingine: wakati mwingine mtoto hulisikia neno, akalipeleka katika lugha ya mama, akalirudisha. Kazi hiyo haionekani usoni pake. Ukiongeza mwendo hapa, punguza uwiano pale: andika maneno machache zaidi ubaoni, au uwape kazi iliyokwisha kuandikwa.

La tatu ni kubadili jambo moja. Niliwahi kumwona mwanachuo mmoja katika mazoezi ya kufundisha ambaye kwa wiki moja alibadili mpango wa madawati, akaunda vikundi, akaleta picha na akaongeza kasi ya somo. Matokeo ya jaribio la Ijumaa yalishuka. Nilipomwuliza lipi lililosababisha, hakuweza kujibu, wala mimi nisingeweza. Alikuwa amefanya kazi kubwa na hakujifunza lolote kutokana nayo. Angebadili jambo moja na kuliandika, wiki moja ingemfundisha zaidi kuliko muhula.

La nne ni kupima wakati wa joto. Mpango wa somo uliofanikiwa asubuhi ya Jumanne, watoto wamekula na mkufunzi amekaa nyuma ya darasa, umepimwa Julai. Upime pia katika kipindi cha mwisho, siku ya mvua, na katika miezi ambayo ghala za nyumbani zimekaukiwa. Ndipo utakapojua mwendo wako halali, na utauona kuwa chini ya ule uliojivunia. Usisikitike. Akiba waliyoiacha watengenezaji wa prosesa hawakuiacha kwa uzembe. Waliiacha kwa sababu prosesa hazifanani, wala vyumba vitakamokaa havifanani. Watoto nao hawafanani.

Nchi yetu imewahi kuijua kasi kubwa kuliko ya kompyuta yoyote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Vijana waliohitimu darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta na ya redio, huku wakifundisha. Na katika mwaka huo huo wa 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta, baada ya mashine za Wizara ya Fedha kushindwa kuzitunza hesabu kama ilivyotarajiwa. Wengi wameulaumu mwendo wa elimu wa miaka ile. Mimi sithubutu kuulaumu wote, kwa kuwa mwalimu wangu wa darasa la kwanza alikuwa mmoja wa vijana hao. Mafunzo yake yalikuwa ya haraka, lakini yeye hakuwa mtu wa haraka. Kila asubuhi, kabla ya somo jipya, alituuliza maswali kumi ya wiki iliyopita, mmoja mmoja, kwa kutuita majina, na lililokosewa na wengi alilifundisha upya bila hasira. Hakuwahi kuiona kompyuta, lakini kanuni ya tatu aliijua kabla yangu.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, walisema wahenga. Hawakukataza mbio, walitukumbusha kwamba ukingo upo, na anayekimbia bila kujua ulipo ataujua kwa kuanguka. Kazi ya mwalimu ni kuutafuta ukingo huo kwa kipimo, hatua kwa hatua, kabla mtoto hajaufikia.

Siku ile niliandika ripoti mpya kwa mkono, nikaipiga mhuri kwa idhini ya mwalimu mkuu, nikamwomba radhi mtoto mbele ya bibi yake, na kesho yake mbele ya darasa zima. Ilipita karibu muhula mzima kabla mkono wake haujainuka tena wakati wa Hisabati. Tangu hapo hakuna ripoti inayotoka kwangu kabla mtu wa pili hajanisomea tarakimu zake kwa sauti, nami nikifuata katika daftari la alama.

Ripoti yenye 34 nilimwomba yule bibi aniachie. Aliitazama kidogo, akanipa. Nimeibandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari langu la majaribio, mbele ya safu zote za mapigo na joto, na kila mwaka huwaonyesha wanachuo wanaokwenda kuanza mazoezi ya kufundisha.